Siku saba za kumhamisha Mama kutoka Songea hadi Upanga

Jumatatu, Dar es Salaam

Kaka yangu alinipigia simu saa mbili asubuhi kutoka Songea na kunieleza kwamba daktari aliyekuwa akimtibu Mama amekata shauri, hatapasuliwa kule. Mama ana miaka 81. Siku tisa zilizotangulia aliteleza uani kwake Mbinga alipokuwa akianika maharage, akavunjika shingo ya mfupa wa paja la kushoto, na tangu siku hiyo hajakanyaga chini. Timu ya upasuaji ilikuwa tayari, lakini mtaalamu wa usingizi alipousikiliza moyo wake na kuona kwamba mapafu yameanza kuingia maji, alisema hataweza kumlaza mpaka madaktari bingwa wa moyo wamwone. Rufaa ingeandikwa kwenda Muhimbili, kwa sababu pale Upanga Taasisi ya Mifupa, ambayo wengi tunaiita MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ziko ndani ya eneo moja, na mgonjwa anaweza kuonwa na pande zote mbili bila kupakiwa tena kwenye gari la safari.

Mchana wote ulipita katika mazungumzo ya familia. Mjomba, mdogo wake Mama, alisema kwa uchungu kwamba dada yake ameshakula chumvi nyingi, tumwache apumzike kwake, tusimtembeze barabarani kama mzigo. Sikumjibu harakaharaka, kwa sababu alikuwa akisema jambo ambalo wazee wengi wanaliogopa kuliko ugonjwa wenyewe, yaani kufia ugenini. Nilimweleza, kwa heshima, kile ambacho daktari alikuwa amemweleza kaka: kwamba mzee aliyevunjika paja na asipasuliwe hapumziki, maana kila akigeuzwa anaumia, na kulala chali kwa wiki nyingi kunaleta vidonda mgongoni na kisiginoni, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Mjomba alinyamaza, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kaka aliahidi kumuuliza jioni. Alipiga simu saa moja usiku: Mama amekubali kwenda, ila anataka nimfuate mimi mwenyewe.

Jumanne, Dar es Salaam

Nilianza na ndege, kama ambavyo nadhani kila mtu angeanza, kwa kuwa kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara na kwa ndege ni suala la saa chache tu. Mgonjwa asiyeweza kuketi huhitaji machela inayofungwa juu ya viti kadhaa vilivyolazwa, na huduma hiyo haikuwepo katika ndege ndogo ambayo ningeipata. Tena shirika la ndege hutaka fomu iliyojazwa na daktari kabla ya kumpokea mgonjwa wa namna hii, na ni haki yao, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege iliyo angani ni nyepesi, kama ya mtu aliyesimama mlimani kwenye mita 2,000 na zaidi, na mwenye mapafu yenye maji huishiwa oksijeni mapema. Zipo ndege maalumu za wagonjwa, kama zile za Amref Flying Doctors ambazo kituo chake kiko uwanja wa Wilson, Nairobi, na huja na daktari au muuguzi na vifaa vyote. Familia yetu ilipopiga hesabu ya mchango wake, hatukuweza kuifikia.

Ilibaki barabara. Nilipanda basi la jioni kwenda Songea nikiwa na begi moja, daftari jipya la kurasa 80, na orodha ya namba za simu za wamiliki wa magari ya wagonjwa.

Jumatano, Songea

Nilimkuta Mama amedhoofika kuliko nilivyoelezwa. Mkono wake niliuzungusha kwa vidole viwili vikakutana. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, lita 2 kwa dakika, na mpira wa mkojo, na alinitambua mara moja na kuniuliza kama nimekula.

Daktari alinipokea chumbani kwake na kunipa karibu saa nzima, jambo ambalo sitalisahau. Aliniambia neno ambalo nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: mgonjwa akitoka wodi hii na kabla hajaingia wodi ile hana wodi, na saa hizo ndizo zinazowaharibu wazee. Basi mimi na muuguzi tutakayekwenda naye ndio tutakuwa wodi.

Kisha tulifanya hesabu ya oksijeni. Lita 2 kwa dakika ni lita 120 kwa saa. Kwa saa 20 barabarani ni lita 2,400, na daktari alisisitiza kwamba kwa safari ndefu huongezwa nusu ya kiasi hicho kwa ajili ya pancha, foleni na mwili wenyewe kutaka zaidi, hivyo tuhesabu lita 3,600. Mtungi wa saizi tuliyoizungumzia hubeba lita 1,360 ukiwa umejaa. Tulihitaji mitatu, miwili ya kuondoka nayo na mmoja wa kuubadilisha Iringa.

Akanionyesha pia jambo ambalo nisingelifikiria hata siku moja. Mimi nilikuwa nikiogopa urefu wa safari na wingi wa malori ya barabara kuu, yeye alikuwa akiogopa Njombe. Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,000, lakini Njombe inapita mita 1,800, na ukishapita hapo na Mafinga unashuka hadi pwani. "Akifika Njombe salama na kupita Mafinga, hewa itakuwa inamsaidia," alisema. Katikati ya mwezi wa saba Njombe ni baridi kali vilevile, na mzee mwembamba hupoteza joto haraka kama sahani ya bati.

Mengine niliyaandika kadiri alivyoyataja. Sindano ya kuzuia damu kuganda iandikwe tarehe na saa aliyochomwa mara ya mwisho, kwa sababu mtaalamu wa usingizi wa Muhimbili hatamchoma sindano ya mgongo bila kuijua saa hiyo. Picha za eksirei ziende zenyewe, si maelezo yake tu. Daktari wa kule apigiwe simu na daktari wa huku, jina lake liandikwe kwenye barua ya rufaa, na kitanda kithibitishwe siku ya kuondoka, isiwe wiki iliyopita. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hata kama amelala usingizi mtamu.

Hili la kugeuza muuguzi wa wodi alinifundisha kwa vitendo. Alimwinamisha Mama kidogo upande wa mguu mzima, akiwa amemwekea mto mnene katikati ya magoti ili paja lililovunjika lisikunjike wala kuvuka mstari, na mwenzake akishika nyonga. Kisha akanyanyua kisigino cha kushoto na kunitaka nikiguse kwa mgongo wa mkono wangu. Alisema kwa ngozi nyeusi kama yetu mtu asisubiri kuona wekundu, kwa sababu hauonekani vizuri, aguse tu: pakiwa pa moto kuliko pembeni, au pagumu, au pameanza kulegea kama embe lililobonyea, kidonda kimeshaanza chini. Cha Mama kilikuwa cha moto. Tukaanza kukining'iniza siku hiyohiyo kwa kuweka kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu, kisigino kikaelea hewani.

Alhamisi, Songea

Gari tulilokuwa tumekubaliana nalo kwa simu lilifika saa nne asubuhi. Kwa nje lilikuwa na kila kitu, taa, maandishi na king'ora. Nilimwomba dereva anifungulie nyuma. Machela ilikuwa na mkanda mmoja, godoro lake lilikuwa sponji nyembamba iliyopasuka, na mtungi ulikuwa mmoja, umefungwa kwa kamba ya manila. Niliomba ufunguliwe nisome geji. Sindano ilisimama chini ya robo. Mwenye gari, niliyempigia simu hapohapo, alisema, "Inatosha hiyo, dada, wagonjwa wengi tumewafikisha."

Niliketi kwenye ngazi za wodi nikapiga hesabu. Robo ya lita 1,360 ni 340. Kwa lita 120 kwa saa, ni saa 2 na dakika 50. Mama angeishiwa hewa akiwa katika kupanda Njombe, mahali palepale daktari alipopaogopa, na kwa kilomita nyingi kabla na baada ya hapo hakuna pa kujazia. Nilipouliza kuhusu muuguzi tuliyeahidiwa, dereva alisema atapatikana njiani.

Tulikuwa tumeshatuma nusu ya fedha. Kaka alitaka tuendelee kwa sababu kuzirudisha kungekuwa kazi, na kwa kweli hatujarudishiwa mpaka leo ninapoandika. Nilikataa, na nilikataa kwa sauti iliyomfanya muuguzi atoke nje kuangalia. Sijutii. Nawaomba watu wote watakaompakia mzazi wao kwenye gari la kukodi wafungue mtungi wausome kwa macho yao wenyewe kabla ya kutoa hata senti, wauwashe na mpira, wasikie hewa ikitoka.

Ijumaa, Songea

Gari la pili lilipatikana kupitia muuguzi mmoja mstaafu anayemfahamu kaka. Mitungi 2 imejaa, nimeiona. Kuna kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni na mapigo, kuna mashine ya kufyonza makohozi, mikanda mitatu, na muuguzi kijana mwenye leseni ambaye kabla ya kukubali aliomba aende kumwona mgonjwa kitandani. Aliniuliza Mama hupewa dawa gani na saa ngapi, na kama anameza vizuri au anapaliwa. Hapo nilituliza moyo. Bei ilikuwa kubwa kwa sababu gari hurudi tupu na mteja ndiye hulipia marudio, nasi tulikubaliana nusu ya bei kabla na nusu baada ya kukabidhi mgonjwa, ikiandikwa na kusainiwa. Hospitali moja ya Iringa ilikubali, kwa simu ya daktari wetu, kumlaza usiku mmoja kwa uangalizi na oksijeni yao, ili mwili upumzike na sisi tubadilishe mtungi.

Jioni padre alikuja kumpaka Mama mafuta ya wagonjwa. Alipoondoka, Mama alinishika mkono.

"Mwanangu, nikifia huko mtanirudisha Mbinga?"

"Tutakurudisha, Mama."

"Usiseme ili kunifurahisha."

Nilimwita kaka na mjomba, tukasimama kitandani watatu, kila mmoja akalisema kwa mdomo wake. Mama alitaka azikwe upande wa juu wa shamba, karibu na ngoro za baba yetu, mashimo yale ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Baada ya kuahidiwa aliomba uji, akanywa kikombe kizima kwa mara ya kwanza tangu nifike. Naona tulikosea kupanga magari na vitanda kwa siku nne na kuliacha swali hilo likimkaa kifuani peke yake.

Jumamosi, Songea hadi Iringa

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Godoro la machela tulilitandikia kigodoro cha hewa tulichoazima, juu yake shuka lililonyooshwa bila mkunjo, kwa kuwa hata mkunjo mmoja ukikaliwa kwa saa nyingi huchubua. Mama alikuwa amevaa kofia ya sufu na soksi, amefunikwa blanketi mbili, chupa za maji ya uvuguvugu zimefungwa taulo pembeni yake zisimguse moja kwa moja. Muuguzi aliinua mgongo wa machela awe nusu ameketi, kwa ajili ya mapafu. Mimi nilikaa kichwani, daftari gotini.

Saa 11:00, kageuzwa, oksijeni ya damu asilimia 94.
Saa 1:00, kageuzwa, 93, amekunywa maji vijiko sita.
Saa 3:00, kageuzwa, 90, mikono baridi.

Kadiri tulivyopanda ndivyo namba ilivyoteremka. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na misitu ya misonobari, uzuri ambao siku nyingine ningeshuka kuutazama. Karibu na mji wa Njombe kifaa kilionyesha 88, na Mama akaanza kuongea na mtu asiyekuwepo, akimwita dada yake aliyefariki. Muuguzi hakubabaika. Aliongeza oksijeni hadi lita 4, akamwomba dereva asimame, akamketisha wima zaidi na kumsugua mikono, akimwita kwa sauti ya kawaida, "Bibi, tuko Njombe, unasafiri na binti yako." Baada ya dakika kumi hivi namba ilirudi 92, na Mama akauliza mbona tumesimama. Nilitetemeka kwa muda mrefu baadaye, na haikuwa baridi tu.

Makambako tulifika saa 5 asubuhi na kumgeuza tena. Kisigino kilikuwa cha kawaida. Kutoka hapo tuliingia barabara kuu ya kutoka Zambia, tukapunguza oksijeni kidogo kidogo, na dereva, mtu mzima mwenye maneno machache, alipita kila tuta la barabarani kama mtu anayebeba maji kwenye sinia. Iringa tulimkabidhi saa 9 alasiri. Sista wa zamu alikopi kurasa zangu kwenye faili lake na kumlaza Mama kwenye kitanda cha dirishani.

Jumapili, Iringa hadi Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi tulikuwa barabarani, mtungi uliokwisha ukiwa umebadilishwa na geji zimesomwa. Mama alikuwa amelala vizuri na alitaka kujua tumefika wapi kila tulipopunguza mwendo, nami nikawa namtajia: Ilula, wanauza nyanya, huu sasa ni Mlima Kitonga.

Kitonga kulikuwa na tatizo lake. Mgonjwa hupakiwa kichwa kikielekea mbele, kwa hiyo gari likishuka mteremko mkali kichwa kinakuwa chini ya miguu, na maji ya mapafuni hupanda. Muuguzi alikuwa amelifikiria mapema. Aliinua mgongo wa machela mpaka mwisho na kukaza mikanda ili Mama asiteleze, tukashuka nyuma ya lori la mafuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki zikinuka. Namba haikushuka chini ya 93. Kule chini, Ruaha Mbuyuni, joto lilitupokea kati ya mibuyu, tukavua blanketi moja baada ya jingine.

Ndani ya Mikumi Mama aliomba ainuliwe aone nje. Twiga wawili walikuwa kando ya barabara. Aliwatazama mpaka walipopotea, akasema hajawahi kuwaona isipokuwa kwenye kitenge.

Morogoro tulimpa uji na kubadilisha pampasi, saa 8 mchana. Baada ya Chalinze mafuta yaliongezwa, na kuanzia Kibaha tulikwama kwenye foleni ya Jumapili jioni. King'ora kilisaidia mahali pengine, pengine magari hayakuwa na pa kujisogeza. Oksijeni iliyoongezwa kwa ajili ya foleni ndiyo tuliyokuwa tukiitumia sasa, na nilimkumbuka yule daktari. Nilipiga simu mara mbili kwa jina lililoandikwa kwenye barua, tukaambiwa kitanda kipo.

Tuliingia Muhimbili saa 1 na dakika 20 usiku, oksijeni 97. Kwenye idara ya dharura daktari wa zamu alitaka vitu vinne kwa mpigo: barua, eksirei, dawa anazotumia, na saa ya sindano ya mwisho ya kuzuia damu kuganda. Vyote vilikuwa ndani ya bahasha moja. Muuguzi wetu alimweleza muuguzi wa pale, wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa machela, kuanzia Songea hadi foleni ya Kibaha, bila kuacha ile saa ya Njombe. Kisha wakahesabu pamoja mpaka tatu na kumhamishia Mama kitandani kwa shuka, mto ukiwa bado katikati ya magoti.

Nililitoa daftari. Yule muuguzi wa Muhimbili alifungua ukurasa wa mwisho, akaufuata mstari kwa kidole hadi chini, akagusa kisigino cha Mama kwa mgongo wa mkono wake. Akachukua kalamu mfukoni na kuandika chini ya mwandiko wangu: Saa 1:45 usiku, kageuzwa, 97.